Mapipa Kwenye Jukwaa la Waziri

Nchi ya Heriani usiitafute kwenye ramani. Ramani yake ipo, imechorwa vizuri na kutiwa rangi, ila inasubiri sahihi ya mtu mmoja aliye safarini. Nchi yenyewe haina shida. Watu wake wanaamka asubuhi na kwenda kazini kama watu wa kwingineko, na mvua inanyesha huko kama inavyonyesha kwingineko, ingawa kwa kanuni nyingi zaidi.

Katika nchi hiyo alikuwako mama mmoja wa makamo, Sikujua Mlekwa, na kazi yake ilikuwa kukagua mvua. Si mvua ikiwa bado mawinguni. Huko wana watu wao. Yeye alikagua maji ya mvua yakishaangukia viwanda: yanapogonga paa, yakazunguka uani, yakaosha kila kilichoachwa wazi, kisha yakatokea mtaroni kwenda kwa watu. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukagua hata tone moja.

Usimwone mvivu. Kanuni ya Nne ilisema maji yachukuliwe ndani ya nusu saa ya kwanza ya mvua, kwa kuwa nusu saa hiyo ndiyo inayobeba uchafu wote. Baada ya hapo ua umeshafuliwa na maji yanatoka yakiwa na haya kidogo. Ilikuwa kanuni nzuri. Iliandikwa na mtu aliyejua anachosema, na ndiyo maana alihamishwa. Kanuni ya Tano ikasema mkaguzi asitoke ofisini bila kibali cha Mkurugenzi, na kibali kilichukua siku tatu za kazi. Kwa hiyo Sikujua alitakiwa kujua siku tatu kabla kwamba mvua itanyesha. Alipokwenda kuuliza kwa watabiri wa hali ya hewa, walimwambia kwa upole kwamba tarehe za mvua ni siri ya serikali, maana adui akijua lini itanyesha atajua lini askari wako ndani.

Halafu palikuwa na suala la goti. Heriani ilikuwa na Idara ya Maji ya Juu, alikoajiriwa Sikujua, na Idara ya Maji ya Chini, iliyokuwa ng'ambo ya barabara na yenye samani nzuri zaidi. Maji yaliyofika juu ya goti yalikuwa ya idara ya kwanza, yaliyoishia chini ya goti yalikuwa ya idara ya pili. Goti la nani? Kamati iliundwa, ikakaa miaka miwili, ikaamua kuwa ni goti la Mkuu wa Nchi. Kipimo chake kikachukuliwa na kufungiwa kwenye kasiki, kwa usalama wa goti lenyewe.

Basi kila mwisho wa mwaka Sikujua aliandika alichoruhusiwa kuandika: "Hakuna uchafu uliopatikana." Kila mwaka alipewa cheti. Na Heriani ikawa inatajwa kwenye mikutano mikubwa kama nchi yenye mvua safi kuliko zote.

*

Siku moja, katikati ya wiki, mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu aliingia ofisini kwake bila kupita kwa katibu muhtasi. Alikuwa na furushi la kanga. Alilifungua juu ya meza, akatoa fungu la mchicha na kuliweka juu ya mafaili.

"Hapa ndipo wanapokagua mvua?" aliuliza.

"Ndipo, mama. Karibu."

"Basi kagua hii."

Sikujua akautazama mchicha. Majani yalikuwa na ukingo wa buluu, na mashina yalikuwa ya rangi ya chungwa, kama nyaya za umeme.

"Mama, hii ni mboga," alisema. "Mboga ni Wizara ya Kilimo, ghorofa ya nne."

"Nimetoka ghorofa ya nne. Wamesema mboga haina kosa, kosa ni la maji. Nikaenda Maji ya Chini. Kule wamenipima goti." Akapandisha gauni kidogo. Juu ya goti lake palikuwa na mstari wa chaki. "Wanasema maji yanayopita shambani kwangu yanafika hapa, kwa hiyo ni yenu."

Aliitwa Atuganile. Alilima mchicha Bonde la Chini, matuta kumi na sita, chini kabisa ya ukuta wa kiwanda cha rangi kilichoitwa Tupendeze. Mvua ikinyesha, alieleza, mtaro wa kiwanda hutapika shambani kwake. Jumatatu maji huja ya kijani, Alhamisi ya zambarau. Mikono yake ilikuwa imepasukapasuka hadi kwenye viwiko.

"Mjukuu wangu tumbo halijamtulia tangu masika ya mwaka juzi," alisema. "Nimempeleka zahanati. Daktari ameandika kwenye karatasi, apewe maji safi. Nimeizungusha hiyo karatasi maduka yote ya dawa. Hakuna anayeyauza."

Mdomo wa Sikujua ulikuwa umeshaanza kutoa jibu la siku zote, lile la kwamba suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Lilikuwa jibu linalotoka lenyewe, kama mtu anavyopiga chafya. Lakini macho yake yalikuwa bado kwenye ule mchicha. Yule mama alikuwa ameuosha. Alikuwa ameufunga kwa ukili, vizuri, mashina yote sawasawa, kama anavyoufunga mtu anayekwenda kuuza. Mboga ambayo hakuna binadamu angeila, na bado ameshindwa kuileta ikiwa chafu.

"Nina siku ishirini na nane za likizo," Sikujua alisema, zaidi akijiambia mwenyewe.

"Hongera," Atuganile akamjibu. "Mimi sina hata moja."

*

Sikujua akaichukua likizo yake. Watumishi wenzake walimwuliza anakwenda wapi, naye akawajibu ukweli: anakwenda kusubiri mvua. Walicheka sana. Walidhani ni jina la hoteli.

Alibeba kiti cha kukunja, mwavuli, na chupa sita safi zenye vifuniko, akaketi nje ya ukuta wa Tupendeze, pale bomba la mtaro linapotokea. Siku kumi jua likawaka kama limelipwa. Siku ya tano alitokea mtu ndani ya kiwanda, Gervas Lyoto, msimamizi wa ua, mwenye ndevu zilizoanza mvi, na kila alipopiga chafya kitambaa chake kilibaki na rangi. Alimtazama Sikujua kwa muda.

"Dada, unasubiri nani?"

"Nasubiri mvua."

"Una miadi nayo?"

"Sina. Ndiyo maana nimewahi."

Gervas akaenda, akarudi na kikombe cha chai. Tangu siku hiyo akawa anamletea kila siku saa nne asubuhi, bila maswali.

Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, wingu likaja kutoka upande wa mashariki, likaufunika mji na kuanza kumwaga. Gervas akafungua lango dogo la nyuma na kumwita kwa mkono. "Njoo uone mwenyewe, dada. Mimi nimechoka kuona peke yangu."

Sikujua akaingia uani, na hapo ndipo, baada ya miaka kumi na tisa, alipoiona kazi yake kwa mara ya kwanza. Mapipa yalikuwa mia mbili na kumi na manne, aliyahesabu baadaye. Mengine hayakuwa na vifuniko, mengine yameoza matako, mengine yamelala ubavu. Pembeni palikuwa na magunia ya unga wa rangi yaliyopasuka. Mvua ilipoyapiga, kila pipa likaanza kutema. Kijani kikatoka huku, nyekundu kule, zikakutana katikati ya ua na kuwa rangi isiyo na jina, kisha zikashika njia moja kwa moja kwenda mtaroni, bila kusukumana, kama watu wanaojua wanakokwenda.

Akajaza chupa sita. Saa yake ilisema dakika tisa tangu mvua ianze.

Meneja alimkuta akifunga chupa ya mwisho. Alikuwa Bwana Fadhil Chumu, mtu wa tabasamu na mwavuli mkubwa wenye nembo ya kiwanda, na alimkaribisha ofisini kwa heshima zote. Sikujua akaona hakuna sababu ya kuzunguka.

"Bwana Chumu, mapipa yako yako wazi. Mvua inayaosha na kuwapelekea watu wa bondeni."

"Bibi yangu," Chumu alisema, "hiyo mvua mimi sikuiita. Imekuja yenyewe, imepita uani kwangu bila ruhusa, imechukua rangi yangu bila ruhusa, imeondoka nayo. Ukitazama vizuri, aliyeibiwa ni mimi."

"Yaweke chini ya paa. Hilo tu. Chimba na shimo la kutuamisha tope kabla maji hayajatoka. Ni kazi ya wiki moja."

"Paa lipi? Ghala limejaa."

"Limejaa nini?"

Chumu akamwonyesha kalenda ukutani. Ilikuwa ya kiwanda. Juu yake palikuwa na picha ya kijito cheupe kinachopita katikati ya majani mabichi, na maneno: Tupendeze, Rafiki wa Mazingira. "Tulichapisha nyingi kidogo," alisema.

*

Rafiki yake Sikujua aliyefanya kazi maabara ya chuo aliyapima yale maji. Alikuta madini ya risasi, akakuta kromi, akakuta na vitu vingine vitatu ambavyo mashine iliviandika kwa wino mwekundu. Sikujua akabeba majibu hadi kwa Mkurugenzi, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kanali Mstaafu Bazilio Ng'andu, ambaye kibao cha jina lake kilianzia mlangoni, kikakunja kona, na kuendelea ukutani.

"Bibi Mlekwa," alisema Mkurugenzi baada ya kusoma. "Tarehe hii ulikuwa likizo."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mtumishi aliye likizo haoni. Akiona, ameona kama raia. Na raia aliyeona anatakiwa aiandikie barua ofisi inayohusika. Ofisi inayohusika ni wewe."

"Basi nitajiandikia, Mheshimiwa."

"Vizuri. Na ujijibu ndani ya siku tisini."

Sikujua akajiandikia. Aliweka salamu na kumbukumbu namba, akaorodhesha madini yote, na kwa kuwa utaratibu ulitaka nakala zipelekwe kwa wote wanaohusika, akapeleka nakala. Moja ikaangukia mezani kwa Waziri wa Mazingira na Matukio, ambaye wiki hiyo alikuwa hana kitu cha kuzindua na hali hiyo ilikuwa inamnyima raha. Kesho yake redio ikatangaza kwamba Heriani imeingia rasmi katika Mwaka wa Mvua Safi, na kwamba uzinduzi utafanyika palepale kwenye ua wa Tupendeze.

Kwa muda mfupi Sikujua alidhani mapipa yataondolewa. Hakukuwa na wa kumlaumu, alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hudanganyika haraka. Kilichofanyika ni kujengwa jukwaa. Na jukwaa lenyewe lilikuwa kazi ya kweli: sakafu ya zege isiyo na ufa, paa pana la mabati mapya, mifereji ya kukinga maji pande zote, na ukingo wa matofali kuzunguka sakafu nzima ili kiti cha mgeni yeyote kisiteleze kikaanguka. Jeshi lililijenga kwa siku nne. Mapipa yakabaki pale pale yalipokuwa, hatua thelathini nyuma ya jukwaa, yakiwa yamefichwa kwa miti ya kwenye vyungu.

Siku ya uzinduzi viongozi waliketi jukwaani. Wananchi wa Bonde la Chini, walioletwa kushukuru, walisimama uani, na mbele yao kwaya ya akina mama katika magauni meupe, Atuganile akiwa mstari wa nyuma kwa sababu ya urefu wake.

"Ndugu wananchi!" Waziri alianza. "Mvua hii ni yetu. Wazee wetu walinyeshewa nayo. Serikali haitakubali mvua yetu ichafuliwe na mtu yeyote, wala haitakubali isemwe kwamba imechafuliwa na mtu yeyote!"

Hotuba ilikuwa na kurasa arobaini. Kwenye ukurasa wa saba mvua ikanyesha. Jukwaani hakuna aliyelowa, paa lilikuwa zuri mno. Uani, maji yakatokea chini ya ile miti ya vyungu, kwanza ya manjano, kisha ya kijani kizito, yakapita katikati ya wananchi. Hakuna aliyethubutu kusogea, kwa sababu kamera zilikuwa zinawatazama. Kwaya ikaendelea kuimba huku magauni yakinywa rangi kutoka chini kwenda juu, polepole, hadi karibu na magoti.

Waziri alipofunga ukurasa wa arobaini aliwageukia akina mama kwa tabasamu. "Nimezipenda sana sare za kwaya," alisema. "Hasa ule upindo wa kijani."

Kisha akatoa agizo. Alisema amesikitishwa na taarifa kwamba wapo wananchi wanaolima mboga kwenye njia ya uchafu. Serikali inayowajali watu wake haiwezi kulinyamazia jambo hilo. Bustani zote za Bonde la Chini zing'olewe kabla ya mwezi kwisha, ili uchafu upite bila kumdhuru mtu.

Watu walipiga makofi, kwa kuwa makofi yalikuwa kwenye ratiba. Sikujua, aliyesimama pembeni karibu na jenereta, alimtafuta Atuganile kwa macho. Atuganile hakuwa analia. Alikuwa amekunja gauni lake mkononi na analikamua.

*

Asubuhi iliyofuata Sikujua alikwenda kiwandani kabla ya kwenda ofisini. Chumu alikuwa amesafiri. Amekwenda mkoani kwa semina ya wiki mbili kuhusu utunzaji wa mvua, kama mtoa mada. Gervas alikuwa amesimama mbele ya jukwaa na ufagio mkononi, hafagii.

"Wageni wameondoka," alisema Gervas. "Limebaki hili."

Wakalitazama pamoja. Zege lisilo na ufa. Paa la mabati. Ukingo wa matofali usiopitisha hata kikombe cha maji.

"Dada," alisema Gervas, "unafikiria ninachofikiria mimi?"

"Sijui kama nina nguvu ya kufikiria, kaka," Sikujua alisema. "Lakini paa naliona."

Akarudi ofisini na kuandika barua kwa lugha ambayo alikuwa ameisikia kwa miaka kumi na tisa na sasa ikamtoka bila shida. Ilisema kwamba, kufuatia mafanikio makubwa ya uzinduzi, na kwa lengo la kudumisha hadhi ya jukwaa, inaelekezwa kwamba vifaa vilivyopo uani vipangwe upya kwa kuzingatia mandhari. Akagonga mihuri mitatu. Mlinzi wa lango aliisoma mara mbili, hakuelewa hata neno moja, na kwa hiyo akajua ni ya serikali. Akafungua.

Kwaya nzima ya Bonde la Chini ilikuja, kina mama kumi na tisa. Gervas akawagawia glavu, mabuti na vitambaa vya kuziba pua, vitu ambavyo vilikuwa stoo miaka mingi vikisubiri mkaguzi aje avione. Pipa moja moja lililazwa kwenye toroli, likasukumwa, likapandishwa jukwaani kwa ubao. Yaliyooza yaliwekwa ndani ya mengine makubwa. Magunia yaliyopasuka yalikusanywa kwa koleo. Mbele ya mtaro wakachimba shimo refu, wakalijaza mawe, kokoto, mchanga, na juu yake mkaa. Ilikuwa kazi ya siku sita. Migongo iliwauma, na hakuna aliyeimba.

"Nilidhani kwaya huimba wakifanya kazi," Gervas alisema siku ya tatu, akimtania Atuganile.

"Tukiimba wataleta kamera," Atuganile alimjibu.

Chumu aliporudi kutoka semina alikuta mapipa yake yote yamesimama jukwaani kwa mistari, kama wageni waalikwa. Alipandisha sauti na kuamuru yashushwe mara moja. Gervas akamwonyesha kibao cha shaba ambacho Waziri mwenyewe alikifunua siku ya uzinduzi. Kilisema jukwaa hili ni mali ya taifa, na kwamba hairuhusiwi kuondoa kitu chochote kilichomo bila kibali cha Waziri.

Chumu alikisoma, akakisoma tena, akavua miwani na kuifuta. "Na nani aliruhusu kuweka?" aliuliza kwa sauti iliyopungua.

"Kuweka hakukutajwa, bosi," alisema Gervas.

*

Habari ilimfikia Mkurugenzi kwa barua ya Chumu. Sikujua akaitwa. Alikwenda akiwa amevaa viatu vya kufungia kamba, vile anavyovivaa mtu anayejua huenda akatembea kwa miguu kurudi nyumbani.

"Bibi Mlekwa, umepanga mapipa kwenye jukwaa la Waziri."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Yatoke."

"Yatatoka, Mheshimiwa, kibali kikipatikana. Kibali kinaombwa na idara yenye dhamana. Na pipa moja, nusu yake iko juu ya goti, nusu iko chini. Itabidi idara zote mbili ziombe kwa pamoja, na kabla ya hapo goti litolewe kwenye kasiki."

Hakulisema kwa kejeli. Aliusema utaratibu kama ulivyo, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya mboga za kununua. Mkurugenzi aligeuka kitini. Akatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu zaidi ya ukuta wa Maji ya Chini. Alipoongea tena, sauti ya hotuba ilikuwa imemtoka, na Sikujua akashangaa kusikia kwamba chini yake palikuwa na sauti ya mzee wa kawaida, ya kukwaruza kidogo.

"Ile risasi uliyoiandika. Ni kweli ilikuwemo?"

"Ilikuwemo, Mheshimiwa. Nyingi."

"Mke wangu ananunua mchicha kwa akina mama wa bondeni. Muda mrefu sasa." Akajikuna kidevu. "Na mimi nina tatizo la viungo. Nilidhani ni uzee."



Mezani palikuwa na barua mbili. Moja ilikuwa ya Chumu, ya kuomba mapipa yashushwe. Nyingine ilikuwa ya kutekeleza agizo la kung'oa bustani. Ilisubiri sahihi yake tu, na kesho askari wangeingia bondeni na majembe. Mkurugenzi alizichukua zote mbili, akazipima mkononi.

"Barua hizi ni nzito," alisema. "Zinahitaji muda." Akafungua droo ya chini kabisa, ile yenye karatasi zilizokuwa zimegeuka rangi ya chai, akaziingiza chini ya zote na kuifunga. Katika utumishi wake wote hilo ndilo lilikuwa jambo la kishujaa kuliko yote, na alilifanya kwa kutofanya kitu.

Kisha sauti ya hotuba ikamrudia. "Hata hivyo, huwezi kubaki hapa. Wizara inataka jina la mtu. Kuanzia Jumatatu umepandishwa cheo. Utakuwa Mkaguzi Mkuu wa Mvua, Mkoa wa Nyikani."

"Nyikani hakunyeshi, Mheshimiwa."

"Mara ya mwisho ilinyesha miaka minne iliyopita," alikubali Mkurugenzi. "Nimehakikisha."

*

Jumamosi Sikujua alikwenda Bonde la Chini kuaga. Alimkuta Atuganile ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama matuta yake. Askari hawakuja. Hakuna aliyewaeleza kwa nini hawakuja, na watu wa bondeni hawakuuliza, wakiogopa kuwakumbusha.

Walikuwa bado wanasalimiana mvua ilipoanza. Wote wawili wakasimama na kwenda kwenye mdomo wa bomba, bila kuambiana. Walisimama pale wakilowa. Kwanza halikutoka kitu. Halafu bomba likakoroma, likatoa majani makavu, likatoa maji.

Atuganile akakinga kiganja. Akakisogeza karibu na macho, akanusa.

"Ni kahawia," alisema.

"Naona."

"Kahawia ya nini?"

Sikujua naye akakinga, akasugua maji katikati ya vidole viwili. Yalikuwa na chembechembe. Yalinuka ardhi.

"Tope," alisema. "Ni tope, mama."

"Tope la kawaida?"

"Naliona la kawaida. Nitapeleka chupa likapimwe, lakini kwa macho na pua si kitu kingine. Ni tope."

Atuganile akaanza kucheka, akashindwa kumaliza, akajifuta uso kwa mkono ule ule wenye tope. Kule juu kwenye vibanda, jirani mmoja alipaza sauti kuuliza maji yamekuja ya rangi gani leo, naye akamjibu kwa nguvu, "Machafu!" kwa furaha kubwa, na yule jirani akatoka mbio kuja kuona.

"Kwa hiyo nipande?" Atuganile aliuliza.

Sikujua alitamani sana kusema ndiyo. "Bado," alisema. "Maji yamepona, udongo haujapona. Kwangua tabaka la juu, kina cha kiganja, tulifunge kwenye magunia, Gervas atayapokea. Halafu ulete udongo mwingine. Hata hapo, mwaka wa kwanza usile. Panda maua, uza maua."

"Matuta yote kumi na sita?"

"Yote."

Atuganile aliyatazama matuta kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama ngazi baada ya kuambiwa lifti ni mbovu. Kisha akaingia kibandani, akatoka na majembe mawili. Akampa Sikujua moja.

"Gari lako la Nyikani ni Jumatatu?"

"Jumatatu asubuhi."

"Basi tuna leo na kesho," alisema Atuganile, akaanza na tuta la kwanza.

Sikujua akavua viatu, akaviweka juu ya ile ndoo, na kuingia kwenye tuta la pili.